Jina la Mama Achille

Mke wangu aliitwa Jadwiga. Mimi nilimwita Mama Achille.

Kwetu iko hivyo. Mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa pembeni, anachukua la mtoto. Achille alichelewa kuja, watu walishaanza kusema. Miaka ile ya kungoja nilimwita jina lake, kwa sauti ndogo, maana mama yake alikaa karibu. Achille alipozaliwa niliacha. Tangu hapo sikulitamka tena, isipokuwa ofisini kwa watu wa makaratasi.

Siku ya kumzika, padri alilisema juu ya kaburi. Mimi niligeuka nyuma kuangalia nani anaitwa.

Alikuwa Mkongo wa upande wa Uvira, kama mimi. Jina ndilo lilitoka Poland. Kulikuwa na sista mmoja wa huko, mzalishaji kwenye maternite ya misheni, ndiye alimpa. Sista alitamka Yadviga, na sisi tukatamka hivyo. Huku Durban wanaosoma makaratasi wanasema kama ilivyoandikwa, kwa J. Yeye aliitikia yote mawili. Ukimuuliza ni jina gani hili, anakujibu, "La sista." Yanaisha hapo.

Mimi ni mlinzi kwenye yadi ya malori, Clairwood. Yeye alipika nje ya geti. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukausha akipatikana. Madereva Watanzania walimwita Mama Sombe. Wazulu walimwita Gogo, ndiyo bibi kwao. Wote aliwagombeza sawa.

"Wewe wa Mbeya," anamwambia dereva, "jana ulikula hapa ukasema haina chumvi. Leo umerudi. Chumvi umeileta?"

"Mama, nimeleta njaa tu."

"Kaa basi. Ukimaliza utaosha sahani."

Na dereva anaosha. Mtu na lori lake kubwa, anaosha sahani.

Alikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa. Alibeba viatu. Jumapili tunatoka nyumbani Cato Manor kwenda misa, yeye miguu mitupu, viatu vya kanisa mkononi. Vyeusi, vya mkanda. Anatembea kwenye lami hivyo hivyo. Kwenye mlango wa kanisa anafuta nyayo kwa kitambaa, anavaa, anaingia. Misa ikiisha anavua.

"Watu wanatuangalia," nilimwambia siku moja.

"Waangalie. Nimevipiga rangi."

Nikafikiri, halikuwa jibu la nilichosema. Lakini tulikuwa tumeshafika kwenye robot, taa za barabarani, imekuwa kijani, tukavuka.

Iko siku nyingine alirudi kutoka mjini mikono mitupu, miguu mitupu.

"Viatu viko wapi?"

"Vimetangulia."

"Vimetangulia wapi?"

"Kula, Papa Achille. Chakula kinapoa."

Nikala. Baadaye alinunua vingine vya namna ile ile, akaendelea kuvibeba. Sikuuliza tena. Mtu unakaa naye, unazoea.

Aliondoka wakati wa baridi. Asubuhi alisema kichwa kinamuuma. Saa sita hakuwepo.

Lyse, mke wa Achille, alikuwa na mimba yao ya kwanza. Mke wangu alikuwa amelishika lile tumbo, akasema ni msichana. Hakumwona. Baridi ilipokwisha msichana akazaliwa.

Kwetu mzee akitoka na mtoto akiingia, mtoto anachukua jina. Hatukai kikao juu ya hilo. Kwa hiyo mimi nilijua mtoto ni Jadwiga tangu nilipopigiwa simu. Nilifika hospitali, nikamshika, nikataka kumwita. Mdomo ukakataa. Nikasema tu, "Karibu."

Shida ilianza nyumbani. Achille na Lyse wanasali kwenye kanisa la Pasta Anicet, mjini, kwenye jumba la kukodi. Mimi na mama yake tulikuwa Wakatoliki, wao wako huko, hatukugombana. Pasta Anicet ni Mrundi. Ana utaratibu wake. Mtoto akipelekwa mbele, mkubwa wa familia anamshika, anasema jina, anasema na maana yake. Kanisa linaitikia amina. Jina lisilo na maana halipokei. Anasema watu wanawapa watoto majina bila kujua wanawafungia nini shingoni.

Na Lyse mwenyewe ni Mrundi.

"Papa, sikatai," aliniambia. Alikuwa ananyonyesha, amenigeuzia mgongo kwa heshima. "Mama nilimpenda. Lakini kwetu jina linasema kitu. Baba yangu anaitwa Nzeyimana. Ukimwita tu, umeshasema unamtumaini Mungu. Hili la Mama linasema nini?"

"Ni la sista."

"Sista alisema nini?"

Nikamwangalia mwanangu. Achille alikuwa anaangalia simu.

"Papa, mlikaa pamoja maisha yote," akasema. "Hukumuuliza?"

"Na wewe? Ni mama yako."

"Mimi nilimwita Mama."

Akarudi kwenye simu. Mtoto alikuwa bado hana jina. Walimwita Bébé.

Nilikwenda kwa Bertrand. Ana duka la simu mjini, ni kijana wa kwetu, anajua kutafuta mambo. Nilimtajia jina. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Nikamwonyesha kwenye karatasi ya marehemu namna linavyoandikwa.

"Nimelipata," akasema. "Eish. Mzee Honoré, wanasema kwa mwanzo si la Poland hata. Limetoka kwa Wajerumani wa zamani sana. Ni maneno mawili yameshikana."

"La kwanza?"

"Vita."

"Na la pili?"

Akasoma. Akakuna shingo. Akasoma tena.

"La pili pia vita."

"Soma vizuri, Bertrand."

"Ninasoma. Mapigano, vita. Kitu kile kile. Mzee, wewe ulioa vita mara mbili. Ndiyo maana umekonda hivi."

Watu dukani wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo. Kisha sikujua ninacheka nini.

Nilitembea badala ya kupanda taxi. Nilitaka kuelewa. Sisi tulikimbia vita. Yeye alimfunga Achille mgongoni tukaacha nyumba na sufuria kwenye moto. Huku, wakisema habari za risasi kwenye redio, alitoka nje kuanika nguo, hata kama nguo hazikuwepo. Mtu huyo ndiye aliitwa vita, na vita tena? Sista mzima, mtu wa Mungu, anamshika mtoto mchanga anamwita hivyo? Kama jina linavuta, basi hili lilivuta kweli. Kama halivuti, pasta anahangaika nini? Nilikuwa sijapata jibu nilipofika mlangoni.

Ningeweza kusema bado sijapata. Lakini Lyse aliuliza, nikamjibu.

"Vita," nikasema. "Mara mbili."

Aliweka kikombe chini. Vita viliwachukua kaka zake kule Burundi, yeye akiwa mtoto. Nilijua hilo. Nililikumbuka wakati neno limeshatoka.

"Papa, nisamehe," akasema. "Siwezi kusimama pale watu waseme amina juu ya hilo."

"Tumwite Grâce," Achille akasema haraka. "Grâce haina shida."

"Grâce wako wangapi kanisani?" Lyse akamwuliza.

"Wengi. Maana yake ni nzuri."

Hakuna aliyecheka. Achille akamwambia pasta, Jumapili ya mwisho wa mwezi watapeleka mtoto mbele, jina Grâce. Ikipita Jumapili ile, jina la mke wangu litabaki kwenye jiwe la kaburi tu. Na jiwe lenyewe hatujaliweka.

Hapo ndipo nilimkumbuka Coletha. Ni Mtanzania, wa Kigoma, alikaa benchi moja na mke wangu kanisani. Anafanya kazi Pinetown kwa mama mmoja mzee wa Poland. Mke wangu alishanitajia hilo, zamani, wakati anamenya vitunguu. Alisema, "Coletha yuko kwa mtu wa kwao sista." Nikasema, "Ah."

Nilimpigia Coletha. Akaniambia nije Alhamisi, siku hiyo yule mama mzee anakuwa na hali nzuri.

"Shikamoo, mzee," alinipokea kwenye geti. "Pole tena. Huyu mama anaitwa Halina. Anasema mkato mkato, usimchukie."

"Mimi pia nasema mkato."

"Basi mtaelewana."

Mama Halina alikuwa mdogo wa mwili, mweupe kama karatasi, ana sweta ingawa jua lilikuwa kali. Alisema Kiingereza na Coletha, na Coletha akasema na mimi. Nilikaa ukingoni mwa kiti.

"Anauliza unataka nini."

"Mwambie mke wangu aliitwa Yadviga."

Coletha alipofika kwenye jina, yule mama alinigeukia mimi, akamwacha yeye. Akasema kitu.

"Anasema ulitaje tena."

"Yadviga."

"Anasema umelitaja vizuri kuliko Pinetown nzima. Mama yake mzazi aliitwa hivyo."

Nikamwambia Coletha amweleze ya Bertrand. Vita na vita. Mama Halina alisikiliza, akapunga mkono kama anafukuza nzi.

"Anasema ni kweli, wasomi ndivyo wanavyosema. Lakini kwao Poland hakuna anayefikiria vita akilisikia. Anafikiria bibi yake." Coletha akasikiliza tena. "Na keki. Mwezi wa kumi iko siku ya jina hilo, kila Yadviga anapokea wageni na maua. Kwao siku ya jina ni kubwa. Siku ya kuzaliwa wanaweza kuisahau."

"Sisi siku yake ya kuzaliwa hatukuijua," nikasema. "Tulijua ni mwisho wa kiangazi, mvua za kwanza. Mwezi wa kumi hivi."

Mama Halina aliinuka polepole. Alikwenda chumbani, akarudi na picha ndogo ya watakatifu, kona zake zimelika. Akanipa.

Ilikuwa ya mwanamke. Ana taji na nguo ndefu. Miguu mitupu. Mkononi ameshika viatu.

Niliitazama muda mrefu. Nikaigeuza nyuma, nyuma hakuna kitu. Nikaigeuza tena, viatu viko pale pale.

"Mbona anavibeba?" nikauliza.

Coletha akaeleza alivyoelezwa. Huyo ndiye mtakatifu Yadviga. Alikuwa mke wa mtawala, wa zamani sana. Alitembea miguu mitupu kama maskini wake, hata kwenye baridi ya barafu. Mume hakupenda. Akatafuta padri wake, padri akamwamuru kwamba kuanzia leo asitembee bila viatu. Akatii. Akatembea navyo mkononi.

"Mume alikuwa na haki," nikasema. Nilisema tu.

Coletha akamwambia. Mama Halina akacheka, kisha akaongeza neno, na hapo ndipo mambo yalinichanganya kabisa.

"Anasema wewe ungempenda yule mwingine, aliyeacha mguu wake kwenye jiwe."

"Nani aliacha mguu?"

"Yadviga."

"Huyu wa viatu?"

"Hapana, mzee. Wako wawili. Huyu wa mguu alikuwa malkia, alikuja nyuma. Alimkuta fundi mawe analia, mke wake mgonjwa, hana kitu. Malkia akakanyaga jiwe lake ili ang'oe dhahabu iliyokuwa kwenye kiatu ampe. Alama ya mguu ikabaki kwenye jiwe. Watu wanasema hivyo."

"Kwa hiyo wa mguu alikuwa na viatu."

"Ndiyo. Amevivaa."

"Na wa viatu alikuwa na miguu mitupu."

"Ndiyo, mzee."

"Na sista alimpa mke wangu yupi?"

Coletha akanyoosha mikono. "Hilo hata huyu hawezi kujua."

Nilirudisha picha. Nilitaka kuiomba. Niliona namna alivyoipokea, kwa mikono miwili, nikaacha.

Njiani kurudi sikuona barabara. Nilikuwa najiuliza, mke wangu aliiona picha hii? Coletha alisema hakuwahi kufika nyumba ile. Basi alikuwa nayo utotoni? Au hakujua lolote, na alibeba viatu kwa sababu anabeba viatu? Ningemuuliza. Hiyo ndiyo ilikuja kichwani, nikifika nitamuuliza. Nilipoona geti la nyumbani ndipo nikakumbuka.

Jioni nilimpigia Marcelline, dada yake mkubwa. Yeye alibaki Uvira. Anasema na simu kama anasema na mtu ng'ambo ya ziwa.

"Shemeji, unanipigia kutoka South Africa kuniuliza viatu?"

"Nakuuliza jina. Mama alipokwenda kumzaa, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, nilibeba ndoo. Mvua ilitupiga njia nzima. Mama alikuwa na viatu vyake vya ndoa, alivibeba mkononi visiingie matope. Tulifika kwa sista hivyo. Sista alituangalia, akacheka, akasema lile jina. Mtoto akatoka, akamwita hivyo."

Nikasimama. "Basi ndiyo yenyewe, dada. Ni viatu."

"Viatu nini?"

Nikamweleza picha.

"Sijui," akasema. "Mwezi ule watoto wa kike watatu walipewa Yadviga pale maternite. Mama wa mmoja hakuwa na viatu kabisa."

"Kwa hiyo ni viatu ama ni mwezi?"

"Muulize sista."

"Sista alikufa zamani."

"Haya basi," akasema Marcelline. "Na huko iko baridi?"

Nilimweleza Lyse yote, Jumamosi, wakati Achille hayupo. Vita na vita, keki, viatu, mguu kwenye jiwe, watoto watatu. Nilichanganya mara mbili nikaanza upya. Alikuwa anakunja nguo za mtoto. Nilipofika kwenye mwanamke aliyebeba viatu, aliacha kukunja.

"Mkononi?" akauliza.

"Mkononi."

Alinyanyua nguo zote, hata zilizokuwa hazijakunjwa, akaenda nazo chumbani.

Jumapili tulikwenda wote. Lyse alikuwa hajaniambia ndiyo, hajaniambia hapana. Kanisa lilijaa, Wakongo na Warundi, na feni moja inayozunguka. Wimbo ulipoisha Pasta Anicet alituita. Lyse akaniweka mtoto mikononi. Alikuwa mzito kuliko siku za nyuma, amelala.

"Mzee Honoré," pasta akasema kwenye mikrofoni, "karibu. Huyu ni nani?"

Achille aliniangalia. Alitaka niseme Grâce. Nilijua ningesema Grâce ingekwisha vizuri, tungekula wali na kuku, watu wangefurahi. Nilimwangalia Lyse. Yeye aliangalia chini.

"Mimi nataka Jadwiga," nikasema. "Mama yake bado hajakubali."

Watu wakacheka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mzee anasema ukweli." Achille akajifuta uso.

Pasta alinisogezea mikrofoni. "Na maana yake?"

"Neno lenyewe ni vita," nikasema. "Mara mbili. Sitakudanganya."

Hawakucheka tena.

"Mama mmoja wa Poland anasema ni mwanamke aliyebeba viatu mkononi. Shemeji yangu anasema ni mwezi tu. Mimi sijui, Pasta. Nimeuliza, nimechanganyikiwa. Mimi namjua mwenye jina tu. Alipika Clairwood."

Nilisimama pale na mtoto. Pasta alishusha mikrofoni, nikaona anatafuta namna ya kunirudisha kwenye kiti bila kuniaibisha.

Lyse akasema, "Pasta, naomba niseme."

Akasema bila mikrofoni. Ilibidi watu wanyamaze.

"Kabla sijaolewa, nilikuwa naenda mjini kuomba kazi kwenye saluni. Kwenye robot kiatu kikakatika mkanda. Nikakaa pembeni ya barabara nalia, maana saa imefika, na siwezi kuingia pale na kiatu kimoja. Mama mmoja akaja, miguu mitupu, viatu mkononi. Akaniangalia. Akasema, 'Wewe si yule wa kwenye simu ya Achille?' Nikasema, 'Ndiyo, Mama.' Nilitaka ardhi inimeze. Mahari haijaletwa, sijajulishwa kwa familia, na mama mkwe ananikuta nalia barabarani."

Akina mama walianza kucheka. Wanajua. Msichana hakutani na wakwe kabla ya siku ya kujulishwa. Ikitokea, ni aibu ya pande zote.

"Akasema, 'Basi hatujaonana. Vaa.' Akaniwekea viatu vyake chini. Nikavaa. Akasema, 'Nenda, utachelewa.' Yeye akaenda zake miguu mitupu. Kazi nilipata. Siku ya kujulishwa, mbele ya Papa hapa, alinishika mkono akaniuliza jina langu ni nani, kama hajawahi kuniona."

Kanisa zima likacheka. Nami nilikuwepo siku ile. Nilimsikia akimuuliza jina.

"Sijamwambia mtu mpaka leo, hata Achille. Aliniambia hatujaonana, mimi nikashika hivyo."

Achille alikuwa amefungua mdomo.

Niliangalia chini, kwenye miguu ya Lyse. Vyeusi, vya mkanda. Nilishaviona mara nyingi mlangoni. Viatu vyeusi vya wanawake vyote vinafanana. Vimetangulia, aliniambia. Nilikuwa na mtoto mikononi, sikuweza kujifuta macho, nikaacha yatoke.

Pasta Anicet alisubiri kelele zipungue.

"Nimesikia," akasema. "Lakini maana ni nini? Niwaambie watu waseme amina juu ya nini?"

"Juu ya huyo," Lyse akasema. "Aliyenipa viatu alivyobeba."

"Hiyo si maana, binti yangu. Hiyo ni habari."

"Pasta, wewe ni Mrundi. Kwetu jina si habari?"

Pasta aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika. Alikuwa anacheka. Kisha akaweka mkono juu ya mtoto.

"Jadwiga," akasema, kwa J, kama watu wa makaratasi.

"Yadviga," nikamrekebisha. Ilitoka yenyewe.

"Yadviga," akasema. "Kanisa."

Wakasema amina. Mtoto akaamka.

Mpaka leo sijaelewa. Sijui sista aliona viatu au aliangalia kalenda. Sijui mke wangu alimjua mwanamke wa kwenye picha. Ya vita pia iko, haikwenda popote, Bertrand akiniona ananiuliza vita ya tatu iko namna gani. Wakati mwingine nafikiri nimepata, halafu nakumbuka yule malkia na jiwe lake, napotea tena.

Ila jambo moja sikulifikiria kabla. Lyse amezaa. Jina lake limewekwa pembeni. Asubuhi nikitoka kazini, jirani yuko kwenye uzio anaita, "Mama Jadwiga, umeamka?" Kanisani wanamwita hivyo. Madukani pia. Jina nililoliacha tangu Achille azaliwe, sasa linaitwa nje na ndani, siku nzima.

Lyse anaitika. Na mimi, nikiwa nimekaa, nageuka kuangalia jikoni.

Mtoto anapolia ndipo naelewa wanamwita nani.